Mitego ya Wadudu wa Bustani ya Mboga Inayotengenezwa Nyumbani

Mtu aliyepanda miche ya sukuma wiki jioni, akaimwagilia maji na kwenda kulala kwa furaha, anaweza kuamka asubuhi akakuta miche kumi imelala chini kama iliyokatwa kwa kisu. Majani bado ni mabichi, wala hayakuliwa. Shina tu limekatwa juu kidogo ya udongo. Aghalabu mtu huyo huwashuku kuku, au watoto wa jirani, kisha siku hiyo hiyo huenda dukani kununua dawa. Anauziwa chupa asiyojua ni ya kumwua mdudu gani, naye huinyunyiza juu ya majani mchana kweupe. Usiku unaofuata miche mingine mitano hukatwa. Mwizi hakuwa juu ya majani hata kidogo. Alikuwa amelala ndani ya udongo, karibu sana na mche, akingoja giza.

Kosa la mkulima huyu si uvivu. Kosa lake ni kupigana na adui asiyemjua. Wazee waliotega paa na kanga hawakutupa kamba popote porini. Walitazama nyayo kwanza, wakajua mnyama hupita wapi, saa gani, na anafuata nini, ndipo wakatega. Wadudu wa bustani nao wana njia zao. Mmoja hufuata kivuli chenye unyevu, mwingine rangi, mwingine harufu ya jike, mwingine mwanga. Mtego wa mdudu huyu mara nyingi haumnasi yule, na mtu atundikaye mtego wowote mahali popote hupata vumbi tu. Walakini akimjua mdudu wake, vyombo vya kumtegea vimo nyumbani tayari: kopo tupu, kipande cha gunia, chupa ya plastiki, mtungi uliopasuka, karai la zamani na sabuni ya kufulia.

Watu wengine watauliza, kwa nini kuhangaika na makopo na hali dawa zinauzwa? Dawa zina kazi yake, wala si busara kuzikataa zote. Lakini historia yake yafaa ikumbukwe. Uwezo wa DDT wa kuua wadudu uligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, na dawa hiyo ikasifiwa sana hata mvumbuzi wake akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Miaka 5 tu baadaye, mwaka 1953, ilitangazwa kwamba huko Java nondo mdogo wa kabichi hafi tena kwa DDT. Nondo huyo ndiye yule ambaye viwavi wake wembamba wa kijani hutoboa kabichi na sukuma wiki hapa Kenya, na tangu wakati ule amezizoea dawa nyingine nyingi. Sababu yake si uchawi. Katika kila kundi la wadudu wamo wachache ambao dawa haiwadhuru. Wenzao wakifa, hao ndio wabakio kuzaa, na watoto wao hurithi ugumu ule. Kadiri mtu anyunyizavyo ovyo, ndivyo awachaguavyo walio wagumu.

Liko na jambo la chakula chenyewe. Sukuma wiki huchumwa kila juma, na nyanya huchumwa mara kwa mara kwa majuma mengi. Dawa zina idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma, nayo imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chupani. Anyunyizaye Jumatatu na kuuza Jumanne huwalisha watoto wa wateja wake ile dawa, na wake mwenyewe pia. Mtego haumwachishi mkulima dawa kabisa. Kazi yake kubwa ni kumwonyesha kama mdudu amekuja au hajaja, ili ajue siku ya kuchukua hatua na siku ya kuiacha chupa kabatini.

MWIZI WA USIKU

Yule anayekata miche usiku huitwa sota. Ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo, na akiguswa hujikunja kama pete. Mama yake ni nondo wa kijivu atagaye mayai juu ya magugu na penye udongo wenye unyevu. Kwa hiyo shamba lililojaa magugu hadi siku ya kupanda huwa limekwisha andaliwa kwa ajili yake. Likisafishwa na kulimwa majuma 2 au 3 kabla ya kupanda, viwavi wengi hukosa chakula, na ndege na kuku huwaokota wanapofunuliwa.

Mtego wa sota ni rahisi kuliko yote. Siku chache kabla ya kuhamisha miche kutoka kitaluni, mkulima huweka juu ya tuta tupu mafungu madogo ya magugu mabichi, au majani ya maboga, au vipande vya gunia lililoloweshwa maji. Sota hula usiku, na kunapokucha hutafuta mahali pa kujificha. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, mafungu hayo hufunuliwa na viwavi huokotwa na kupewa kuku. Ikiwa mtu atachelewa hadi saa 4, wengi watakuwa wamekwisha kuingia udongoni. Pumba za mahindi zilizochanganywa na maji ya sukari guru, zikiwekwa kidogo chini ya ubao, huwavuta zaidi. Zamani pumba kama hizo zilitiwa sumu kali, nayo iliweza kuua kuku na mbwa pia. Leo hakuna haja hiyo, kwa kuwa mkono hufanya kazi ile ile.

Miche ikiisha pandwa, kila mmoja waweza kuvishwa kola. Kopo lililokatwa juu na chini, au ukanda wa gamba la mgomba uliokunjwa na kufungwa, huzungushwa kwenye mche na kudidimizwa udongoni kiasi cha upana wa vidole 2, na upana wa vidole 3 ubaki juu. Sota hapandi ukuta huo. Na mche ukikatwa hata hivyo, usiachwe tu: mtu achimbe kwa kijiti kuuzunguka, kina cha kidole. Mara nyingi mwizi yumo papo hapo, ameshiba. Asipotolewa, usiku wa pili ataendelea na mche wa jirani.

Koa, yule konokono asiye na gamba, si mdudu kwa hesabu ya wataalamu, lakini majani yaliyotobolewa na utelezi unaong'aa asubuhi ni kazi yake. Yeye hupenda harufu ya hamira. Kopo huzikwa kwenye tuta na kutiwa machicha ya busaa au pombe iliyochacha, kiasi cha nusu. Ukingo wa kopo usilingane na udongo, bali ubaki juu kidogo, kama upana wa kidole kimoja. Koa ataupanda, lakini mbawakawa wanaotembea ardhini na kula viwavi hawatatumbukia. Kopo hilo limwagwe kila baada ya siku 2. Baada ya siku 3 harufu yake humfukuza hata mwenye bustani.

RANGI YA MANJANO

Wadudu wanaoruka mchana na kufyonza maji ya majani hawaendi kwenye kivuli. Hao hutegwa kwa rangi. Mkulima akitikisa mnyanya na kuona vitu vidogo vyeupe vikiruka kama majivu kutoka upande wa chini wa majani, hao ni inzi weupe. Urefu wao ni kama milimita 1 tu. Kufyonza kwao huleta hasara, lakini hasara kubwa ni ugonjwa wanaoubeba kutoka mche hadi mche, ule unaofanya majani machanga ya mnyanya kukunjamana, kuwa madogo na kugeuka manjano pembeni, na mche kudumaa usizae. Mche ulioshikwa na ugonjwa huo hauponi kwa dawa yoyote. Hutolewa na kuchomwa au kuzikwa.

Inzi weupe, pamoja na vidukari wenye mabawa, huvutwa sana na rangi ya manjano. Mwaka 1951 mtaalamu wa Kijerumani, V. Moericke, alieleza jinsi vidukari wanavyonaswa katika vyombo vyenye rangi hiyo, na hadi leo wataalamu hutumia vyombo vya namna ile. Sababu iliyo nyuma yake ni hii: mdudu arukaye huliona jani changa kwa mwanga linaourudisha, na rangi ya manjano hurudisha mwanga wa namna ile kwa nguvu kuliko jani lenyewe. Kwa macho ya kidukari, kipande cha bati cha manjano ni jani zuri kupita majani yote ya bustani.

Hapa Kenya hakuna haja hata ya kununua rangi. Mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia ya lita 20 imejaa kila mahali, na ikipasuka hutupwa. Mtungi mmoja hukatwa vipande vingi vya upana wa shubiri moja. Kila kipande hutobolewa tundu, hufungwa kwenye kijiti kwa waya, na kupakwa grisi au mafuta mazito ya kujipaka, pande zote mbili. Mafuta yawe mepesi kama siagi kwenye mkate. Yakizidi, jua litayayeyusha na kuyadondosha juu ya mboga. Mafuta machafu ya injini hutumiwa na watu wengi kwa kuwa ni ya bure, lakini hayafai penye chakula, wala hayaufai udongo. Vijana wa pwani, ambao wamezoea kunasa ndege kwa ulimbo wa utomvu wa mfenesi, wataona kwamba kazi hii ni ile ile kwa windo dogo zaidi. Ila ulimbo wenyewe hukauka upesi juani, na grisi ni bora.

Mahali pa kipande ni muhimu kuliko ukubwa wake. Inzi mweupe hakai chini wala hapai juu sana. Yuko kwenye majani machanga ya juu. Basi kipande kisimame usawa wa ncha za mimea, na mimea ikikua, kijiti kipandishwe. Bustani nyingi zina mitego mizuri iliyoachwa pale ilipowekwa siku ya kwanza, ikamezwa na majani, ikawa haionekani tena na mdudu yeyote. Katika bustani ndogo ya nyumbani, kipande kimoja kila baada ya hatua 3 au 4 chatosha. Kila juma kifutwe kwa karatasi na kupakwa upya, kwa maana vumbi la barabarani huifanya grisi kuwa kama unga.

Kitaluni ndipo mtego huu una faida kubwa kuliko pengine popote. Miche ikiambukizwa ikiwa na majani manne, haitazaa chochote cha maana. Ikiambukizwa ikiwa imekwisha chanua, bado itatoa nyanya kadhaa. Hata hivyo mkulima asidanganyike kwamba vipande vya manjano peke yake vitaikinga miche. Inzi mmoja aliyepita bila kunaswa aweza kuleta ugonjwa. Kitalu kifunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo sana, na vipande vya manjano viwe ndani yake kama walinzi: inzi weupe wakionekana juu ya grisi, yaani chandarua kimetoboka mahali.

Kwa vidukari, karai la manjano lenye maji ni bora kuliko grisi. Maji hutiwa sabuni kidogo. Bila sabuni, mdudu mwepesi husimama juu ya maji kama juu ya ngozi, akajikausha na kuruka; sabuni huilegeza ngozi hiyo naye huzama. Karai litobolewe matundu madogo karibu na ukingo, ili mvua ikinyesha maji yapungukie hapo bila kuwabeba wadudu waliokwisha kunaswa. Liwekwe mahali ambapo kuku hawafiki, maana kuku hunywa chochote.

Vithiripi wa vitunguu, wale wembamba kama uzi wanaoacha mikwaruzo meupe juu ya majani, hupenda buluu. Kipande cha mtungi wa buluu kilichopakwa grisi hufanya kazi ile ile. Lakini wengi wao hujificha ndani kabisa, pale majani yanapokutana shinani, na mtego hauwafikii huko. Mtu mwenye vitunguu afungue majani kwa kidole atazame.

HARUFU YA JIKE

Mwaka 2014 mkulima wa nyanya wa Kenya alipata adui mpya. Nondo mdogo wa kijivu ambaye jina lake la kitaalamu ni Tuta absoluta, mzaliwa wa Amerika ya Kusini, aliingia Hispania mwaka 2006, akaenea kando ya Bahari ya Kati, kisha akashuka Afrika. Wakulima wa Tanzania humwita kanitangaze. Jike mmoja aweza kutaga mayai 260. Kiwavi wake huingia kati ya ngozi mbili za jani na kula nyama ya katikati, akiacha madoa mapana kama karatasi iliyoungua, kisha huingia katika tunda lenyewe. Kwa kuwa yumo ndani, dawa nyingi za kunyunyiza humpita juu, na mtu aliyekopa fedha za mbegu na mbolea huweza kuona shamba lote likikauka katika muda wa mwezi mmoja.

Nondo huyu hategwi kwa rangi wala kwa pombe. Hutegwa kwa harufu ya jike wake. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kijerumani Adolf Butenandt alitangaza kwamba ameipata harufu ambayo nondo jike wa hariri huitoa kumwita dume. Kazi hiyo ilimchukua yeye na wenzake karibu miaka 20, na walitumia nondo majike wapatao 500,000. Harufu za namna hiyo ziliitwa feromoni mwaka huo huo. Tangu hapo feromoni za wadudu wengi zimejulikana, na ya Tuta hutengenezwa viwandani na kutiwa katika kidude kidogo cha mpira. Hicho ndicho kitu pekee katika habari hii yote ambacho lazima kinunuliwe, katika duka la agroveti. Mtego wenyewe hautaki kununuliwa.

Karai la kawaida hujazwa maji hadi karibu na ukingo, hutiwa sabuni kidogo na vijiko 2 vya mafuta ya kupikia, ili maji yasikauke upesi. Waya hupitishwa juu ya karai kutoka ukingo hadi ukingo, na kidude kile hufungwa katikati, kikining'inia upana wa vidole 2 juu ya maji bila kuyagusa. Karai huwekwa chini, katikati ya nyanya, au juu ya matofali machache. Dume huja jioni na alfajiri akitafuta jike, huzunguka kidude, na kuanguka majini. Kidude kisishikwe kwa mikono iliyoshika tumbaku au vitunguu, wala vidude vya wadudu wa aina mbili visiwekwe mfuko mmoja. Baada ya majuma 4 hadi 6 harufu yake hupungua, na yafaa kibadilishwe.

Sasa hapa pana jambo ambalo wauzaji wengine hawalisemi. Mtego wa feromoni hunasa madume tu. Dume mmoja aliyebaki aweza kupanda majike wengi, na majike waliokwisha pandwa huendelea kutaga mayai kana kwamba karai halipo. Kwa hiyo mtu anayeona karai limejaa nondo na kufurahi, akaacha kutazama majani, anafurahia habari mbaya. Karai lililojaa ni kengele. Siku hiyo hiyo yampasa apite mstari kwa mstari, ayachume majani yote yenye madoa, na kuyazika kwa kina au kuyachoma. Nyanya zilizotobolewa zichumwe pia. Wingi ukizidi, ndipo dawa iliyochaguliwa kwa mdudu huyo itumike, na hata hapo ziko dawa za bakteria, zile zinazoitwa Bt, ambazo huua viwavi wazilao bila kuwadhuru nyuki. Hizo zinyunyizwe jioni, kwa sababu jua huziharibu.

MABOGA YANAYOOZA

Mwenye maboga, matango au karela huwajua inzi wa matunda kwa kidonda kidogo chenye utomvu juu ya tunda changa. Ndani yake mna funza. Jike hutoboa ngozi na kutaga mayai humo, na kabla mayai hayajakomaa tumboni mwake huhitaji chakula chenye protini. Tamaa hiyo ndiyo ya kumtegea. Chupa ya plastiki hutobolewa matundu 4 yenye upana wa kalamu ya risasi, karibu na shingo, na ndani hutiwa maji, kijiko cha hamira, kijiko cha sukari, na vipande vya ndizi mbivu kupita kiasi. Huning'inizwa kivulini kando ya maboga. Maji hayo hubadilishwa kila juma.

Kivutio hiki cha nyumbani ni dhaifu kuliko vile vinavyouzwa, na afadhali lisemwe wazi. Lakini hata kivutio chenye nguvu hakishindi tunda moja lililoachwa likiozea chini, maana funza hutoka humo, huingia udongoni, na kutoka wakiwa inzi wapya. Mwaka 2003 inzi wa matunda kutoka Asia, yule aharibuye maembe, aligunduliwa pwani ya Kenya, na tangu wakati ule wakulima wa maembe wamefundishwa jambo hili hili: okota kila tunda lililoanguka. Tunda bovu lizikwe kwa kina cha mkono mzima, au litiwe katika debe lenye kifuniko kinachobana na kuachwa juani siku kadhaa. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya dukani ilipopigwa marufuku, watu wengi walitumia mifuko myeusi kwa kazi hiyo. Debe ni bora, kwa kuwa halipasuki.

TAA

Katika mitego yote, taa ndiyo inayosifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba taa ya chemni iliyotundikwa juu ya karai la maji ya sabuni hujaza karai hilo wadudu kwa usiku mmoja, na jambo hilo hupendeza macho. Lakini wakitandazwa juu ya karatasi asubuhi na kutazamwa mmoja mmoja, huonekana kwamba wengi wao hawana neno na mboga. Tena nondo wengine huitwa na mwanga kutoka mbali, wasitumbukie, wakabaki bustanini kutaga mayai. Kama mkulima ataka kuitumia, aiweke nje ya bustani, pembeni, kwa saa chache za mwanzo wa usiku, akitaka tu kujua ni nondo gani wameingia katika nchi. Usiku wa mbalamwezi asijisumbue, kwani mwezi ukiwa mkubwa wadudu hawaijali taa. Na penye nyasi kavu taa isiachwe bila mtu.

WASIO NA HATIA

Watu husema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Ndivyo ilivyo kwa grisi na karai. Yule mdudu mviringo mwenye mgongo mwekundu wenye madoa meusi hula vidukari kutwa kucha. Nyigu wadogo sana, wasioweza kumuuma mtu, hutaga mayai yao ndani ya viwavi na kuwaua. Buibui hula kila kinachopita. Hao wakionekana wengi juu ya vipande vya manjano kuliko inzi weupe, vipande viondolewe, maana vinafanya kazi ya adui. Wakati wa maua, nyuki pia huja kwenye karai la manjano na la buluu. Karai lifunikwe asubuhi nyuki wanapofanya kazi, au liondolewe mpaka maua yapungue. Mjusi aliyenaswa kwenye grisi aoshwe kwa mafuta ya kupikia kidogo na kuachiliwa, kwa kuwa yeye peke yake ni mtego mzuri.

Kwa sababu hizo zote, mtego usiotazamwa ni hasara. Yafaa siku 2 ziwekwe katika juma, mathalan Jumatatu na Alhamisi, na mtu mmoja wa nyumbani, hata mtoto wa shule ajuaye kuhesabu, apewe kazi ya kuhesabu walionaswa na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Tuseme karai la nyanya lilikuwa na nondo 3 Jumatatu, 4 Alhamisi, 3 tena, halafu ghafla 19. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo inayomwambia mwenye shamba aache kazi nyingine aende akatazame majani. Kama angalikuwa ananyunyiza kila juma kwa mazoea, angalimaliza fedha zake katika siku zile za mwanzo ambazo hazikuwa na jambo, na chupa ingalikuwa tupu siku ya haja. Akiona mdudu asiyemjua kabisa, amtie katika chupa ndogo yenye kifuniko na kumpelekea afisa wa kilimo wa karibu, ambaye watu wengi bado humwita Bwana Shamba. Mdudu aliyeonekana hutambulika kwa urahisi kuliko aliyesimuliwa.

Mavuno yakiisha, mimea ya zamani ing'olewe isibaki kuwa nyumba ya inzi weupe hadi msimu ujao. Vipande vya mtungi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni na kuwekwa mahali pakavu. Visitupwe motoni jikoni, kwa maana moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua. Karai limwagwe na kugeuzwa kifudifudi, kwa kuwa karai lililosahauliwa shambani mvua zikianza hujaa maji yasiyo na sabuni, na mbu hawachelewi kuzaa humo.